Binti Yetu Anataka Kusomea Uhusiano Mwema: Je, Tumsaidie?

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kisumu Ndogo, Malindi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi vingine ambavyo havikuwepo siku hiyo.)

Twawashukuru viongozi wa vikundi kwa kutualika, na twawashukuru akina mama waliotuletea chai na mahamri kabla hatujafungua hata mdomo. Mgeni aliyeshiba husema kweli, kwa hiyo leo tutajaribu kusema kweli.

Mlitupa swali moja tu, wala si jepesi. Binti wa mtaa huu, ambaye hatutamtaja jina ingawa wengi wenu mwamjua, amemaliza shahada yake ya kwanza. Sasa amepata nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamili, ile tunayoiita masta, katika somo la uhusiano mwema. Mama yake ni mwanachama wa kimojawapo cha vikundi hivi. Ameomba akopeshwe sehemu ya karo kutoka katika akiba ya kikundi, na kikundi kimegawanyika.

Tumesikia pande zote mbili. Mzee mmoja alisema, "Angesomea uuguzi au ualimu tungeelewa. Lakini uhusiano? Uhusiano na nani?" Mama mmoja anayeuza samaki akaongeza, "Mtu afunzwe kuongea miaka miwili? Sisi hapa sokoni twaongea tangu alfajiri na hakuna anayetupa cheti." Tulicheka sote. Lakini fedha zinazozungumziwa ni za yule mama wa samaki pia, na swali lake lastahili jibu.

TUANZE NA KOSA LETU

Kabla hatujatoa shauri, hapana budi tuungame jambo. Binti huyu alipokuja ofisini kwetu mara ya kwanza, sisi wafanyakazi wa jamii tulimjibu vibaya. Tulimwambia kwamba masta ni anasa, kwamba mitaa yetu imejaa vijana wenye shahada wasio na kazi, na kwamba yafaa aende akatafute kibarua kwanza. Aliitikia kwa adabu, akaondoka. Siku hiyo tulijiona tumempa nasaha.

Baadaye tulipokaa na nafsi zetu tuligundua kwamba ndani ya nasaha ile kulikuwa na wivu. Sisi tuna diploma. Tumefanya kazi hii miaka mingi, tumezunguka vijiji kwa miguu, kwa baisikeli na kwa matatu, na tumekaa chini ya miembe mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Na mara nyingi katika mikutano ya ofisi kubwa tumeona neno la kijana mwenye masta likiandikwa, na letu likipita kama upepo.

Miaka kadhaa iliyopita tulijaribu kuondoa aibu hiyo. Taasisi moja, ambayo hatutaitaja, ilituambia kwamba diploma pamoja na uzoefu wa kazi vyatosha kuingia moja kwa moja katika masta. Tulilipa fedha za fomu na za kujiandikisha. Tulianza hata kununua madaftari. Mwisho tukaja kufahamu kwamba cheti ambacho tungepewa hakingetambuliwa na mwajiri yeyote wa maana, kwa sababu hatukuwa na shahada ya kwanza. Fedha hazikurudi. Tulinyamaza kwa sababu tuliona haya, na haya ile tulimwangushia binti wa watu asiye na kosa. Tumekwisha mwomba radhi.

Twayasema haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, nanyi mjichunguze: pengine baadhi ya maneno yanayosemwa kumpinga yana wivu ndani yake kama yetu. Ya pili, mjue kwamba katika mambo ya masomo ya juu kuna wanaouza upepo, na kikundi kinachotoa fedha lazima kijue pa kukagua. Tutarudi kwa jambo hilo.

UHUSIANO MWEMA NI NINI?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi hudhani uhusiano mwema ndio huko kutembeza kibaya: kupaka rangi ukuta wenye ufa. Na kweli wako wanaofanya hivyo. Lakini asili ya kazi yenyewe ni kuangalia jinsi kampuni, serikali, hospitali, parokia au kikundi kinavyosikilizana na watu wanaokizunguka.

Kazi hii si ngeni hapa kwetu, ingawa jina ni geni. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi kwa mfalme wa huko. Watu wa China walimshangaa mnyama yule, na jina la Malindi likajulikana mbali. Yule mtawala wa Malindi hakusomea uhusiano mwema, lakini alijua kwamba mji mdogo unaotaka biashara sharti ujitambulishe. Na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama kuwaamsha watu wakatae amri za wakoloni. Hakuwa na gazeti wala redio. Alitumia ngoma ya kifudu, ambayo watu waliijua na kuiheshimu, na kwa ngoma hiyo akawakusanya na kusema nao. Wakoloni walikuwa na bunduki na karatasi, lakini mama yule alijua kusema na watu wake.

Huko Marekani kazi hii ilipata umbo la kisasa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mtu mmoja aitwaye Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari, mwaka 1906 alitoa tamko wakati wa mgogoro wa wachimba makaa ya mawe. Alisema kazi yake ni kuwapa waandishi habari za kweli na za haraka, bila kuficha. Maneno mazuri. Lakini mwaka 1914, baada ya wafanyakazi waliogoma na jamaa zao kuuawa Ludlow katika jimbo la Colorado, Lee huyo huyo aliajiriwa na familia ya Rockefeller iliyokuwa na hisa kubwa katika kampuni ile. Karatasi alizosambaza zilikuwa na uongo ndani yake, kama vile kuzidisha mishahara ya viongozi wa wafanyakazi. Kwa hiyo, ndugu zetu, tangu mwanzo kazi hii imekuwa na sura mbili. Kisu cha kukatia mkate ndicho kinachoweza kumkata mtu.

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, James Grunig na Todd Hunt, waliandika kitabu wakagawa kazi hii katika njia nne. Binti yetu alitueleza, nasi tukazitafsiri kwa mambo ya hapa.

Njia ya kwanza ni ya mpiga debe. Yeye apiga kelele tu ili basi lijae. Kama basi ni bovu, utajua mwenyewe njiani.

Njia ya pili ni ya mbao za matangazo. Habari ni za kweli, lakini zaenda upande mmoja tu. Chifu abandika karatasi, wewe wasoma, mambo yamekwisha.

Njia ya tatu ni ya mvuvi. Huchunguza samaki anapenda chambo gani, si kwa sababu ampenda samaki, bali apate kumvua. Kampuni inawauliza watu mnapenda nini, kisha hutumia majibu yenu kuwashawishi mkubali kile ilichokwisha amua.

Njia ya nne ni ya wazee wawili chini ya mwembe. Kila mmoja asema, kila mmoja asikia, na kila mmoja yuko tayari kubadili shauri lake. Hii ndiyo inayosifiwa vitabuni, na ndiyo adimu.

KARATASI YA MAHUDHURIO

Pengine mtasema hizo ni hadithi za mbali. Basi tuwakumbushe ya karibu, ambayo baadhi yenu mlikuwepo.

Wakati fulani watu wa mradi mmoja, ambao pia hatutautaja, waliitisha mkutano na wakazi. Alikuja afisa wao wa uhusiano, mcheshi sana, akawaletea watu fulana na soda. Alieleza mambo kwa haraka, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kisha ikazungushwa karatasi, tukaambiwa ni ya mahudhurio. Tukaandika majina, namba za vitambulisho, tukatia sahihi. Mama zetu wasiojua kuandika wakatia kidole gumba. Sisi wenyewe, wenye diploma zetu, tulitia sahihi.

Wiki chache baadaye tuliambiwa kwamba wakazi "wameshirikishwa na wamekubali", na ushahidi ni karatasi ile.

Binti huyu alikuwa nyumbani kwa likizo. Aliomba kuona nakala. Akauliza swali moja: "Juu ya karatasi paliandikwa nini kabla hamjatia sahihi?" Hakuna aliyekumbuka. Yeye akatusaidia kuandika barua. Tuliomba kumbukumbu za mkutano, tukaomba kuelezwa ni wapi katika kumbukumbu hizo palipoulizwa kama wakazi wanakubali, na ni nani aliyejibu. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, haikuwa na tusi hata moja. Mkutano ulirudiwa. Safari hii mambo yalielezwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, maswali yakaandikwa, na karatasi ya mahudhurio ilikuwa na kichwa kinachosema wazi kwamba sahihi si ridhaa.

Hatukushinda kila kitu. Lakini tulisikilizwa. Na aliyetuonyesha mlango ni mtu aliyejua jinsi maafisa wa uhusiano wanavyofanya kazi. Mama yetu wa samaki, hilo ndilo jibu la swali lako. Yeye hakwenda kufunzwa kuongea. Alikwenda kujifunza jinsi maneno yanavyotumiwa na wenye nguvu, na jinsi asiye na nguvu anavyoweza kujibu.

Pwani yetu imeonja mara nyingi uchungu wa kutosikilizana. Mambo ya viwanda vya chumvi na wakazi wa Magarini yalifika hadi Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ikatoa ripoti yake mwaka 2006. Mwaka 2024 wenzetu wa Uyombo walisimama wazi kuupinga mpango wa kujenga kituo cha nyuklia, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mahali penye ardhi, bahari, chumvi na hoteli, daima atakuja mtu na makaratasi. Je, upande wetu wa meza atakuwa ameketi nani?

ANAKWENDA KUSOMA NINI HASA?

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua kama miaka miwili, na wengi hukawia zaidi. Sehemu ya kwanza ni ya darasani. Hapo husoma nadharia za mawasiliano, njia za utafiti, kupanga kampeni, kushughulikia vyombo vya habari, namna ya kusema na watu wakati wa msiba au ajali, pamoja na sheria na maadili ya kazi. Sehemu ya pili ni utafiti wake mwenyewe, ambao huuandika kama kitabu, akaulizwa maswali na wataalamu, ndipo afaulu au arudishwe kurekebisha. Hapo kwenye utafiti ndipo wengi hukwama, kwa sababu ya fedha, kazi na watoto. Afadhali mjue mapema.

Masomo haya si ya juzi. Chuo Kikuu cha Boston kule Marekani kilifungua skuli ya uhusiano mwema mwaka 1947. Uingereza walichelewa: masta ya kwanza ya somo hili ilianza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland. Hapa Kenya wenye kazi hii waliunda chama chao mwaka 1971, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanza skuli ya uandishi wa habari mwaka 1970, kikitoa diploma. Sikieni hilo, ndugu zetu wenye diploma: skuli ile ilianza na diploma, na leo inafundisha hadi uzamili na uzamifu. Daystar na Moi pia wanajulikana kwa masomo ya mawasiliano. Mara nyingi cheti huandikwa "mawasiliano", na uhusiano mwema ni tawi ambalo mwanafunzi hulichagua. Msishtuke mkiona jina si lile lile.

Jirani zetu wa Tanzania wana mfano unaotugusa sisi wafanyakazi wa jamii. Mwaka 1960, pale Nyegezi karibu na Mwanza, Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya jamii. Mwaka 1998 kituo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na uhusiano wa umma ni mojawapo ya masomo yanayofundishwa huko. Mbegu ilikuwa kazi ya jamii, na mti ukatoa tawi la uhusiano wa umma. Kwa hiyo kazi yetu na kazi anayoitaka binti huyu ni ndugu wa nyumba moja.

MAMBO YA KUCHUNGUZA KABLA YA KUTOA SHILINGI

Sasa tuingie kwenye fedha. Kikundi chochote kinachoombwa kumsaidia mtu kwa masomo ya juu yafaa kiulize maswali haya.

1. Je, chuo kinatambuliwa? Hapa Kenya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo inayosimamia jambo hili, chini ya sheria ya mwaka 2012. Ulizeni kama chuo kimeidhinishwa, na tena ulizeni kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe.

2. Je, mwombaji ana ngazi zote? Kenya imepanga vyeti kwa ngazi kumi. Diploma ni ngazi ya 6, shahada ya kwanza ni ya 7, uzamili ni ya 9, na uzamifu ni ya 10. Atakayewaambia mwaweza kuruka kutoka 6 hadi 9 kwa mruko mmoja, kumbukeni yaliyotupata. Vyuo vingi hutaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu. Aliye na daraja la pili la chini mara nyingi hutakiwa kuwa na uzoefu wa kazi. Binti huyu tumeona vyeti vyake, havina shida.

3. Je, gharama zote zimehesabiwa? Karo ya masta katika vyuo vyetu huhesabiwa kwa malaki. Na karo si mwisho. Kuna nyumba, nauli, chakula, kompyuta, na gharama za utafiti. Atakayewaonyesha karo peke yake amewaonyesha mkia akaficha ng'ombe.

4. Je, ametafuta kwingine? Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, iliyoanzishwa mwaka 1995, haiwakopeshi wa shahada ya kwanza tu. Hufikiria na maombi ya masomo ya uzamili. Baadhi ya vyuo hupokea wanafunzi wa jioni au wa mwisho wa wiki, ili mtu asome huku akifanya kazi. Akiba ya kijiji isiwe mlango wa kwanza kubishwa.

5. Je, kazi iko? Hapa tuseme kweli hata kama yauma. Kwa kazi nyingi za afisa wa uhusiano, katika hoteli, hospitali, kampuni za maji, mashirika na serikali za kaunti, shahada ya kwanza yatosha kuanzia, na uzoefu hutazamwa sana. Masta humsaidia anayelenga kuongoza idara au kufanya utafiti. Kwa anayetaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu ni hatua ya njiani, kwani atadaiwa uzamifu. Masta si hirizi. Wapo wenye masta wanaotafuta kazi hivi sasa.

Tulimwuliza binti swali hilo la tano waziwazi: kwa nini masta, na kwa nini sasa? Alijibu kwamba anataka kutafiti jinsi miradi inavyozungumza na wakazi wa vijiji vya pwani, na kwamba kama hataanza sasa kabla ya kuolewa na kulea, huenda asianze kamwe. Mama yake aliyekuwa kando akainamisha kichwa. Sisi tulio katika miaka ya arobaini tuliielewa hofu ile vizuri sana.

PENDEKEZO LETU

Hatukuja kuwaamulia. Fedha ni zenu, na mlizipata kwa jasho la upatu wa kila wiki. Lakini mliomba shauri, na shauri letu ni hili.

Kwanza, isiwe zawadi wala harambee inayotoka kwenye akiba. Akiba ni ya wote, na ya yule anayetarajia kumpeleka mtoto kidato cha kwanza mwakani. Anayetaka kuchanga kwa hiari yake achange pembeni, kwa moyo wake.

Pili, uwe mkopo kwa jina la mama, kwa kanuni zile zile zinazomhusu kila mwanachama. Kama kanuni yenu yasema mwanachama hukopeshwa mara tatu ya akiba yake, basi ni mara tatu, haizidi kwa sababu ya sifa za masomo, wala haipungui kwa sababu ni msichana.

Tatu, mkopo uwe wa muhula wa kwanza peke yake, ulipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na risiti iletwe kwa mweka hazina. Muhula wa pili uangaliwe upya baada ya kuona ameendeleaje na majibu ya HELB.

Nne, msimfunge. Tumesikia pendekezo kwamba aahidi kurudi kukitumikia kikundi miaka mitano. Hiyo si misaada, hiyo ni rehani. Mwombeni jambo dogo linalowezekana: kila likizo aje siku moja, awafundishe kuandika barua, kuandika kumbukumbu za mkutano, na kusoma makaratasi kabla ya kutia sahihi.

Tano, mkiamua kukataa, mwambieni mama yake ana kwa ana na kwa sababu za fedha, si kwa kejeli. Kikundi kinaweza kunyima mkopo na bado kikabaki na heshima. Kejeli hailipiki.

NA SISI TUNAOBAKI?

Hata asipokwenda yeyote chuoni, yako mambo ambayo kila kikundi chaweza kuanza kuyatumia kesho.

La kwanza ni haki ya kupata habari. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna. Waweza kuomba kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa wa ofisi hiyo ayaandike. Ofisi yapaswa kujibu ndani ya siku 21; na kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Kuomba hakulipiwi, ila mwaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Mkinyimwa, mlalamike kwa Tume ya Haki za Utawala. Wekeni nakala ya kila barua, na mpokeaji agonge muhuri wa tarehe juu yake.

La pili ni wanafunzi wanaokuja kutuuliza maswali. Masta nyingi zimeandikwa kwa majibu ya watu wa mitaa kama huu. Hujibiwa, hushukuru, hupotea. Mjue kwamba mtafiti hapa nchini anatakiwa kuwa na kibali cha tume ya sayansi ya taifa, NACOSTI. Ombeni kukiona. Mna haki ya kukataa kujibu. Na mnapokubali, ombeni arudi awasomee alichokiandika, kwa Kiswahili. Binti yetu amekwisha ahidi hivyo mbele ya mama yake, nasi tumeandika tarehe.

La tatu, kila kikundi kichague mtu mmoja wa kuwa msemaji na msikilizaji wake. Si lazima awe mwenyekiti, wala si lazima awe na cheti. Awe mtu anayesikia kabla ya kujibu. Kisumu Ndogo yetu ina watu wa makabila na dini mbalimbali, wenyeji na waliotoka bara. Uvumi wa asubuhi huweza kuwa ugomvi wa jioni. Mtu anayejua kuuliza "umesikia kwa nani?" ameokoa fedha nyingi kuliko mweka hazina.

Ndugu wapendwa, sisi wenyewe tumeanza safari. Tumejiandikisha kusoma shahada ya kwanza kwa masomo ya jioni, tukiwa na umri huu na miwani hii. Huenda tutamaliza tukiwa na mvi. Binti yule alipopata habari alikuja kutuletea madaftari yake ya mwaka wa kwanza. Hakusema neno, aliyaweka mezani tu. Tumeyafunika kwa gazeti yasichakae, na kila jioni twafungua ukurasa mmoja.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mara ya mwisho mlipotia sahihi karatasi mkutanoni, juu yake paliandikwa nini? Nani ana nakala?

2. Kati ya njia nne za uhusiano tulizozitaja, kikundi chenu hutumia ipi kwa wanachama wake? Na viongozi wenu je?

3. Kanuni zenu zasemaje kuhusu mkopo wa masomo? Kama hazisemi, mtaandika nini?

4. Je, yupo kijana katika kijiji chenu ambaye mlimkatisha tamaa? Nani atakwenda kumwona wiki hii?